Udongo Ukishachimbuliwa

Udongo ukishachimbuliwa haurudi tena kuwa ulivyokuwa. Mtu aweza kuufukia mtaro, akaushindilia, akapanda mbegu juu yake, na wajukuu wake wakalima hapo bila habari. Karne zitapita, kijiji kitahama, hata lugha iliyosemwa mahali hapo itakufa. Lakini pale palipochimbwa patabaki tofauti na pembeni pake kwa muda wote ambao ardhi yenyewe haijaondolewa. Kutokana na ukweli huo imezaliwa kazi ninayoiheshimu kuliko nyingi katika akiolojia: kuyasoma mazao yaliyo shambani, kuzipiga picha alama zake kutoka angani, kisha kuketi mezani na kuzichora katika ramani mstari kwa mstari, mpaka bonde zima la mto liwaonyeshe watu walioishi humo miaka elfu tano iliyopita.

Alama hizo huitwa alama za mazao. Zimepatikana katika nchi nyingi za Ulaya, tangu Ireland hadi Italia, lakini hapa nitakaa katika bonde moja: bonde la mto Thames wa juu nchini Uingereza, kuanzia Lechlade, kupitia Oxford na Abingdon, hadi Dorchester. Hapo kazi hii ililelewa mpaka ikakomaa, na hapo faida yake na uchungu wake vyote viwili vinaonekana wazi.

Msingi wa kazi yote ni kiu ya mmea. Bonde la Thames wa juu limetandikwa changarawe iliyoletwa na mto katika zama za barafu, na juu ya changarawe hiyo pana udongo mwembamba tu wa kulimika. Maji ya mvua hupenya upesi na kupotea. Sasa tuchukue mkulima wa Zama za Chuma aliyechimba mtaro kuzunguka boma lake, akashuka mita nzima ndani ya changarawe. Boma likaachwa, na mtaro ukajaa polepole: mashapo, majani yaliyooza, samadi, majivu ya jikoni. Ukawa mfereji wa udongo laini wenye mboji, unaoshika maji ambayo changarawe ya kando haiwezi kuyashika. Leo juu yake imepandwa shayiri, ambayo mizizi yake ikipata nafasi hushuka zaidi ya mita moja.

Mwezi Mei, mvua ikiwa ya kutosha, shamba zima huwa kijani cha namna moja na hakuna kinachoonekana. Mvua ikikatika na jua la Juni likaendelea, shayiri iliyosimama juu ya changarawe tupu huanza kuona shida. Hudumaa, hupauka, huwahi kugeuka manjano. Ile iliyosimama juu ya mtaro wa kale huendelea kunywa. Hurefuka, hubaki kijani, masuke yake huchelewa kukauka. Kwa siku chache, pengine wiki mbili tatu, boma lililosahauliwa huchorwa tena kwa rangi mbili juu ya uso wa shamba. Penye msingi wa ukuta wa mawe mambo huwa kinyume: mizizi hugonga jiwe, na mstari unaotokea ni wa mimea iliyodumaa. Mkulima wa kwetu hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani anajua kwamba pale alipofukia shimo la taka nyuma ya nyumba ndipo maboga yatakapostawi kuliko popote uani. Tofauti ni kwamba maboga humwonyesha shimo moja analolijua. Shayiri iliyopandwa kwa mashine, shina karibu na shina katika hekta nyingi, hupima unyevu wa kila sehemu ya ardhi, ikaonyesha mitaro, visima, makaburi, na wakati mwingine hata mashimo ya nguzo za nyumba.

Watu waliziona alama hizi kabla ndege hazijabuniwa. William Camden, ambaye kitabu chake Britannia kilitoka mara ya kwanza mwaka 1586, alieleza kwamba nafaka iliyoota juu ya magofu ya Kirumi huko Richborough, katika Kent, ilikuwa hafifu kwa kufuata mistari ya njia zilizokatana hapo zamani. Mwaka 1719 William Stukeley aliliona katika nafaka ya Great Chesterford umbo la jengo la Kirumi lililozama ardhini, akalichora. Katika bonde la Thames lenyewe, katika karne ya 19, Stephen Stone wa Standlake alizitambua duara zilizojitokeza katika mazao, akachimba kuona kilichomo. Wote hao walikuwa na jicho, ila walisimama chini. Aliye chini huona ukanda wa shayiri ndefu. Si rahisi ajue kwamba ukanda huo umezunguka shamba na kurudi ulikoanzia.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyowafundisha Waingereza kuitazama ardhi kutoka juu. O.G.S. Crawford, aliyekuwa mwangalizi katika ndege za kivita, aliajiriwa mwaka 1920 na Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, akiwa afisa wake wa kwanza wa akiolojia. Mwaka 1923, kwa kuchunguza picha zilizopigwa na jeshi la anga kwa shughuli zake nyingine, alitambua mwendelezo wa njia pana ya kale iliyotoka kwenye duara la mawe la Stonehenge kwenda mtoni Avon, njia ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa imefutwa na majembe. Desemba 1925, rubani Gilbert Insall aliona kutoka angani duara lenye madoa meupe karibu na Stonehenge. Ilipofika Julai 1926 ngano ilikuwa imekua juu yake, na yale madoa yakajipanga katika duara kadhaa moja ndani ya nyingine. Maud Cunnington alichimba, akakuta mashimo ya nguzo kubwa za miti. Jengo lote lilikuwa la mbao, na mbao zilikwisha oza maelfu ya miaka nyuma. Kilichobaki ni nafasi zilipokuwa zimesimama, na ngano ilizitambua nafasi hizo zote. Leo mahali hapo panaitwa Woodhenge.

Bonde la Thames lilimpata mtu wake katika miaka ya 1930. Meja G.W.G. Allen alikuwa mhandisi wa Oxford, mwenye ndege ndogo yake mwenyewe na kamera ya mkononi aliyojiundia. Aliruka kiangazi baada ya kiangazi juu ya changarawe za mto, akapiga picha, akaandika kumbukumbu za alichokiona. Alikufa katika ajali ya pikipiki mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford. Karibu na Dorchester picha hizo zinaonyesha mitaro miwili sambamba iliyokwenda takriban kilomita moja na nusu, uwanja mrefu mwembamba uliochimbwa na wakulima wa Zama za Mawe Mpya, na karibu nayo duara kubwa la mitaro miwili pamoja na duara ndogo kadhaa. Allen alipofariki kazi haikukatika. Derrick Riley, rubani wa jeshi la anga katika Vita Vikuu vya Pili, aliandika juu ya alama za bonde hilohilo la Thames wa juu na juu ya mbinu za kuziona. Baada ya vita J.K. St Joseph alijenga katika Chuo Kikuu cha Cambridge hazina kubwa ya picha za anga ambayo watafiti wanaitumia mpaka sasa.

Warukaji hao wana ujuzi ambao hauonekani katika picha zao. Wanajua kwamba shayiri husema mapema na kwa uwazi, kwamba ngano nayo husema vizuri, na kwamba majani ya malisho hunyamaza mpaka ukame uwe mkali kweli. Wanajua kwamba kabla rangi haijatofautiana, urefu wa mimea huwa umeshatofautiana, hivyo jua la jioni likilala chini kivuli cha shayiri ndefu huanguka juu ya fupi na mtaro ukajitokeza. Wanazifuatilia mvua za masika ya Ulaya kama wavuvi wanavyofuatilia upepo, kwa maana mvua moja nzito ya Juni yaweza kuyafuta matumaini ya mwaka mzima. Kuna miaka ambayo huruka na kurudi na picha chache tu. Kuna miaka kama 1976 na 2018, ya ukame mkubwa, ambapo siku hazitoshi, na kila bonde linaonyesha mambo mapya mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuyapiga picha. Utayari wao ndio unaoufanya mwaka wa namna hiyo usipite bure.

Lakini sifa yangu kubwa naipeleka kwa anayeketi mezani baada ya ndege kutua. Rubani huonekana, na picha nzuri hupamba majalada ya vitabu. Mchora ramani hukaa miezi na rundo la picha za miaka mingi, nyingine za jeshi la anga za miaka ya 1940, nyingine za Allen, nyingine za juzi, na kazi yake haina mshangiliaji.

Kazi hiyo huanza kwa kunyoosha. Picha nyingi hupigwa kwa kuinamisha kamera, kwa hiyo kilicho karibu hujikuza na kilicho mbali hujikunyata. Duara huwa umbo la yai, na boma la mraba huwa na upande mmoja mfupi. Mchoraji hutafuta pointi nne au zaidi zinazoonekana katika picha na katika ramani pia: kona ya ua wa miti, pembe ya ghala, makutano ya njia. Zamani aliunganisha pointi hizo kwa rula na ukanda wa karatasi, akihamisha kila nukta ya mtaro moja moja kutoka pichani hadi kwenye ramani. Baadaye hesabu hiyo ikaanza kufanywa na kompyuta. Hata hivyo kompyuta haimwambii pointi ipi ni ya kuaminika. Ua lililochorwa katika ramani ya zamani huenda lilisogezwa. Ghala lililo pichani huenda si lile lililo katika ramani. Kosa la mita chache hapo litampeleka mchimbaji mahali pasipo na kitu.

Kisha hufuata kazi nzito zaidi, ambayo ni kuamua. Shayiri haina ujanja wala upendeleo. Itaonyesha chochote kinachobadilisha unyevu wa udongo. Baridi kali ya zama za barafu iliipasua changarawe katika nyufa, nyufa zikajaa mchanga na udongo, na leo hutokea shambani kama wavu wa mistari ambao mgeni angeapa ni mashamba ya kale. Mikondo ya mto iliyokufa hutokea kama mikanda mipana inayopindapinda. Mabomba ya kutolea maji yaliyofukiwa na wakulima wa karne ya 19 hutokea kama mifupa ya samaki. Ua lililong'olewa juzijuzi ili matrekta yapite huacha mstari ulionyooka, na mchoraji hulitambua kwa kufungua ramani za zamani tu. Kuna mapito ya magurudumu ya trekta, kuna mahali mashine ya mbolea ilipopita mara mbili, kuna shayiri iliyolazwa na upepo, na kuna duara za uyoga katika nyasi. Mchoraji anatakiwa kuyajua haya yote, na hapo bado hajafika kwa watu wa kale.

Akifika kwao, sheria ya kazi ni kali: chora ulichokiona. Duara likionekana robo tatu, zitachorwa robo tatu. Mtaro ukikatika, utaachwa umekatika, kwa sababu pengo hilo laweza kuwa mlango wa boma, na anayeliziba kwa kupenda umbo lililokamilika ameufunga mlango ambao wenyewe waliuacha wazi. Pamoja na mchoro huandikwa maelezo: ni picha ipi, ya tarehe ipi, nini kinadhaniwa kuwa nini. Atakayekuja miaka hamsini baadaye ataweza kurudi kwenye picha ileile na kusema, hapa sikubaliani nawe. Naona uadilifu mkubwa katika desturi hiyo. Mchoraji anaacha nyuma yake kazi inayoweza kusahihishwa, na anaiacha hivyo kwa makusudi.

Na ramani haikamiliki kwa picha moja. Mtaro unaofika kwenye ua wa jirani hutoweka kwa sababu jirani ana ng'ombe na majani upande wake. Miaka minane baadaye jirani analima, anapanda shayiri, ukame unakuja, na nusu ya pili inatokea. Shamba likipandwa viazi mwaka huu halisemi kitu. Mwaka mwingine likipandwa ngano likasema nusu ya habari. Mwaka wa ukame likaimaliza. Mchoraji huweka jambo juu ya jambo. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kazi hii kibaba hujazwa na watu wa vizazi vitatu au vinne, wengi wao wasiopata kuonana.

Mkusanyiko huo ukishatosha, umbo huanza kusomeka. Duara dogo la mtaro mara nyingi ni kilima cha kaburi cha Zama za Shaba Nyeusi ambacho majembe yamekisawazisha. Huko Barrow Hills, Radley, karibu na Abingdon, vilima vya namna hiyo vilijipanga katika safu kama mtaa wa waliokufa. Mitaro miwili sambamba yenye nafasi ndogo katikati yaweza kuwa njia ya mifugo, na ukiifuata itakupeleka hadi mabomani na malishoni. Madoa mazito yenye umbo la mstatili mfupi mara nyingi ni nyumba za Wasaksoni zilizochimbiwa chini kidogo. Hata mfuatano wa zama huweza kudokezwa: mpaka wa shamba unaokuja umenyooka kisha ukajikunja kando ya duara la kaburi unaeleza kwamba kaburi lilitangulia, na kwamba waliochimba mpaka bado waliliona na kuliheshimu. Tarehe yenyewe itatoka kwa kuchimba, lakini mchimbaji atafika akiwa na swali sahihi.

Ramani hizi zilibadilisha historia iliyokuwa ikifundishwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watu wa kale wa kusini mwa Uingereza walikaa hasa juu ya vilima vya chokaa, ambako ngome na makaburi yao bado yanaonekana, na kwamba mabonde yalikuwa misitu mizito na matope. Dhana hiyo ilitokana na kuhesabu kilichosalia. Vilimani kondoo walilishwa na majembe hayakupita mara kwa mara, kwa hiyo matuta yalibaki. Bondeni watu hawakuacha kulima, na kila kizazi kilifuta alama za kilichotangulia. Shayiri ilionyesha kwamba bonde lilikaliwa kwa wingi, zama juu ya zama. Mwaka 1960 tume ya kifalme ya mabaki na majengo ya kihistoria ya Uingereza ilitoa ripoti iliyoitwa A Matter of Time, kuhusu changarawe za mito, na ujumbe wake ulikuwa wazi: mabonde yana utajiri mkubwa wa kale, na utajiri huo unachukuliwa na malori.

Hapo ndipo penye uchungu wa kazi hii. Changarawe ileile inayoifanya shayiri iseme ndiyo inayotakiwa kwa zege na barabara. Huko Dorchester, Richard Atkinson na wenzake walianza kuchimba mwaka 1946 wakishindana na machimbo, na sehemu kubwa ya mandhari ambayo Allen aliipiga picha imegeuka shimo na maji. Picha yake ndiyo iliyobaki ya mambo ambayo hakuna atakayeyaona tena. Mwaka 1974 Don Benson na David Miles walitoa ramani za alama za bonde la Thames wa juu, shamba kwa shamba, ili anayeomba kibali cha kuchimba changarawe asiweze kudai kwamba hapakuwa na kitu. Mwongozo wa serikali wa mwaka 1990 uliimarisha jambo hilo: mabaki ya kale yafikiriwe kabla kibali hakijatolewa, na gharama ya kuyachunguza ikawa juu ya anayejenga au anayechimba. Mstari uliochorwa kwa uangalifu mezani ukawa hoja mbele ya halmashauri. Ni kazi chache za kitaaluma zinazoweza kusema zimesimama mbele ya tingatinga na kusikilizwa.

Jembe nalo lina deni. Alama nzuri ya mazao ni ushahidi kwamba juu yake pamesawazishwa. Tuta limekwenda, sakafu za nyumba zimekwenda, majiko yamekwenda. Kilichobaki ni kile tu kilichozama ndani ya changarawe, na kila mwaka wa kulima hukwangua sehemu yake. Mchoraji mzuri haisahau habari hiyo anapofurahia picha iliyo wazi. Tena anajua kwamba ramani yake ina nafasi tupu ambazo si tupu. Udongo wa mfinyanzi hushika maji kila mahali, kwa hiyo mazao hayaoni kiu ya kuonyesha kitu. Chini kabisa mtoni, mafuriko yamefunika mabaki kwa mashapo mazito ambayo mizizi haiyapenyi. Huko Yarnton, karibu na Oxford, wachimbaji walikuta chini ya mashapo ya namna hiyo maisha ya zama nyingi ambayo hayangeweza kuonekana kutoka hewani. Huko Farmoor, George Lambrick na Mark Robinson walionyesha, kwa kuchunguza hata mabaki ya wadudu na konokono, kwamba watu wa Zama za Chuma walishuka uwandani penye mafuriko kwa msimu tu, kulisha mifugo, kisha wakaondoka maji yaliporudi. Alama ya mtaro peke yake isingeweza kusema hayo. Kazi iliyo bora inajua inapoishia, na inamwachia mwingine aendelee.

Vifaa vimebadilika, na nafurahi kwamba vimewafungulia mlango watu wengi zaidi. Tarehe 10 Julai 2018, katikati ya ukame, Anthony Murphy na Ken Williams walirusha droni katika bonde la mto Boyne nchini Ireland, karibu na kaburi kubwa la Newgrange lenye miaka zaidi ya elfu tano. Wakaona katika shamba duara kubwa la mitaro iliyokatwa vipande vipande, ambalo halikuwa limetambuliwa kabla ya hapo. Bonde hilo ni urithi wa dunia tangu 1993, na wataalamu wamelitembea na kulipima kwa miaka mingi. Lakini mimea ilikuwa haijaona kiu ya kutosha, au haikuwepo jicho juu yake ilipoiona. Serikali ya Ireland ilifuatilia kwa uchunguzi wa anga, alama zikachorwa na kuandikwa. Picha za siku hiyo zilienea duniani. Ramani iliyotoka baadaye ndiyo itakayodumu.

Nina sababu yangu ya kuandika haya kwa Kiswahili. Katika pwani yetu historia ya miji kwa muda mrefu ilifuata matumbawe: misikiti, majumba ya mawe, makaburi ya nguzo. Ilhali wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo zikianguka hurudi ardhini. Huko Songo Mnara, karibu na Kilwa, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones pamoja na wenzao walizigeukia nafasi zilizoonekana tupu baina ya majumba ya mawe, wakazipima kwa vifaa vinavyosoma sumaku ya udongo, wakachimba, wakapata mabaki ya nyumba za udongo na ya shughuli za watu. Mazao hayakuhusika hapo, wala changarawe. Kilichohusika ni imani ileile kwamba mtu aliyechimba shimo la nguzo ameandika jambo, na kwamba mwenye elimu ana wajibu wa kulisoma hata kama hakikujengwa juu yake kitu cha kustaajabisha watalii.

Kwa hiyo nawasifu wachora ramani wa alama za mazao kwa haki wanayoitenda. Ngome hujitetea zenyewe kwa ukubwa wake, na wafalme waliandikiwa na makarani wao. Aliyezungushia zizi lake mtaro ili ng'ombe wasipotee hana mwingine wa kumwandikia, na bondeni watu wa namna yake ndio waliokuwa wengi. Mchoraji humpa mstari wake, mahali pake barabara, bila kumzidishia wala kumpunguzia. Haki hiyo ina gharama, nayo ilipwe: ndege ziruke kila kiangazi kinapokauka, picha za zamani zihifadhiwe na kufunguliwa kwa kila anayezihitaji, na vijana wafundishwe kuchora kwa uvumilivu kabla ya kufundishwa kubonyeza vitufe. Kila mwaka wa ukame unaopita bila mtu wa kuyatazama mashamba unaondoka na watu wake, na machimbo hayatawarudisha.